Farasi wa Soksi Nyeupe

Mimi sikuwa mcheza kamari mkubwa. Sifa yangu ilikuwa moja tu: nilijua farasi yupi aliyeshindwa leo anafaa kuaminiwa tena wiki ijayo. Pale Mbale, katika ukumbi wa kubetia ulio jirani na kibanda changu cha viatu vya mitumba, watu hawakuweka pesa mpaka Mkenya aseme. Mkenya ndiye mimi. Na nisidanganye, nilipenda kusikilizwa.

Kazi yenyewe haikuwa uchawi. Mbio zilitoka nchi za mbali, tukazitazama kwenye runinga. Baba yangu, upande wa Bungoma, alifuga punda wa kubeba maji, nami nikakua nikiwatazama miguu na masikio. Farasi aliyezibiwa njia na wenzake lakini akamaliza masikio mbele, huyo bado ana hamu, apewe nafasi. Aliyekuwa na njia wazi akalegea mwenyewe, mwache aende zake.

Aliyeniamini kuliko wote alikuwa Afande. Tulijuana Jinja, enzi akiwa bado kwenye magwanda kule kambi ya jeshi ya Kimaka, mimi nikiwapitishia askari buti za kununua. Alipostaafu alihamia Wanale, kwao mkewe. Mke alilima vitunguu, na kwa vitunguu hivyo alikuwa amejinunulia ng'ombe mmoja, ambaye sasa alikuwa na mimba. Ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa benki yake na fahari yake.

Siku moja farasi wa kahawia mwenye manyoya meupe miguuni kama soksi alizibiwa njia mara mbili, akamaliza wa nne. Hata hajapunguza mwendo, mimi nilishapanda juu ya benchi.

"Huyu! Haki ya Mungu, huyu apewe nafasi!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Ndipo nikaona. Farasi alikuwa anatembea sasa, na kila mara mguu wa mbele wa kushoto ulipokanyaga, kichwa kiliruka juu. Hatua tatu, kisha yakaingia matangazo ya biashara. Punda wa baba alifanya vivyo hivyo siku chache kabla ya kuanguka na madumu yake.

"Mkenya," Afande akaniuliza, "huyu iko sawa?"

Macho yote yalikuwa kwangu. Ningesemaje, kwamba nimepayuka?

"Iko sawa, Afande."

Kesho yake asubuhi mkewe alikuja kibandani. Hakugusa kiatu.

"Shemeji, bwana wangu anataka kuuza ng'ombe wangu kwa sababu ya farasi. Mimi hanisikii. Wewe anakusikia. Mwambie aache."

Nyuma yake mlima wa Wanale ulikuwa umefunikwa na wingu zito, na hapakuwa na upepo hata kidogo. Nafasi ndiyo hiyo, nilipewa mkononi. Neno moja tu lingetosha.

"Usiwe na wasiwasi, shemeji," nikasema. "Farasi huyo nimemwona kwa macho yangu."

Nilikuwa nimemwona kweli, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi mchana Afande alikuja amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi. Ng'ombe alikuwa ameshapakiwa kwenye lori la mnunuzi tangu alfajiri. Mbio zikaanza, na yule wa soksi nyeupe akatoka mbele peke yake. Watu walipiga kelele, Afande akanishika bega akicheka. Mimi nilikuwa natazama mguu wa kushoto tu. Kwenye kona mguu ukakubali kupinda mahali pasipo na goti.

Walikuja watu wakamzungushia pazia la kijani, kama wafanyavyo kwa farasi wa kupigwa risasi.

"Wanaficha nini?" Afande akauliza. Akanigeukia. "Mkenya, wanaficha nini?"

Jumatatu mke alirudi kibandani, safari hii na begi. Ng'ambo ya barabara basi la kwenda Jinja, kwa kaka yake, lilikuwa linanguruma. Aliniambia bwana wake hali chakula, halali usingizi, anaapa kwa Biblia kwamba hatarudia.

"Shemeji, wewe ndiye unayewajua walioshindwa," akasema. Wallahi hakuwa anadhihaki, alikuwa anauliza kweli. "Huyu wangu, apewe nafasi nyingine?"

Nilitaka kumwambia habari za kile kichwa kilichoruka. Nilitaka kusema, mwenye kosa ni mimi, rudi nyumbani mama. Lakini woga ulinishinda.

"Apewe, shemeji," nikasema. "Apewe nafasi."



"Ndivyo ulivyosema juu ya yule farasi."

Akainua begi, akavuka barabara, akapanda basi.

Afande bado huja kibandani. Hukaa kwenye kigoda, huniuliza kama mkewe alipita kwangu siku ile aliyoondoka, kama alisema lolote. Namwambia hakupita.