Tuma, uliwaomba radhi wote ukaniruka mimi

Mpaka sasa akili inakataa. Tumemzika Dk. Tumaini, Tuma wangu, jana kule Ihanda, na mimi bado nashika simu nikitaka kumpigia nimfokee.

Naona posts zenu. "Mwalimu wetu." "Mtetezi wa wajane." Ni kweli kabisa. Wanafunzi wake wa anthropolojia na ustawi wa jamii, lieni, mna haki. Ila mimi nimekuwa rafiki yake tangu shule ya msingi, na kilio changu kina hasira ndani.

Haya nayaandika kwa ruhusa. Nimewasomea mama yangu na mdogo wangu Enok neno kwa neno. Mama akasema, "Weka. Kule ukumbini hawakuniuliza. Leo nimeulizwa."

Tuma alikuwa na PhD yake na bado anawasalimia madereva wa malori wa Zambia pale mpakani Tunduma, "Mulishani!", kwa Kibemba kibovu mpaka wanaacha kula. Unacheka bila kupenda.

Alipopata kazi chuoni alikuja kwangu na wazo. Yeye aendeshe workshop za wajane wa Momba na Tunduma. Mimi, afisa ustawi wa jamii, nitafsiri Kinamwanga, maana yeye ni Mnyiha. "Namwinga, bila wewe hawa mama watanijibu kama wanaojibu polisi." Tukazunguka wote, vumbi mpaka kwenye kope.

Kila mara alianza hivi, mlango umefungwa, simu zote ziko kwenye beseni: "Mama zangu, kitakachosemwa humu hakitoki humu."

Siku moja, tukiwa Chapwa, akasimama mama yangu mwenyewe.

Alisema taratibu, akinitazama mimi. Alipofiwa, ukoo ulitaka arithiwe na shemeji yake. Akakataa. Wakamvunja mkono, na shemeji akamchukua kwa nguvu. Mtoto wake wa mwisho ni wa yule shemeji, na mtoto mwenyewe hajui.

Mtoto huyo ni Enok. Sisi tuliambiwa alikuwa tumboni baba alipofariki. Ndiyo kwanza nasikia, na ilibidi nitafsiri! Tuma akanishika mkono chini ya meza, hakuuachia mpaka nikamaliza.

Ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma vile.

Miezi ikapita. Chuo kikaandaa mhadhara wa wazi mjini Tunduma. Ukumbi ukajaa wachungaji, viongozi, wafanyabiashara. Aliyekodiwa kufunga spika ni Enok, ndiyo kazi yake.

Tuma akapanda na slides zake. "Kuna mama mmoja, tumwite Mama Rehema, si jina lake. Anauza maandazi Chapwa, karibu na maegesho ya malori. Mkono wake wa kushoto haunyooki tangu siku aliyokataa kurithiwa…"

Jina alibadilisha. Maandazi aliyaacha. Mkono aliuacha vilevile!

Watu wakaanza kugeukiana. Nikampungia anyamaze. Macho yake yalikuwa kwenye skrini. Akaendelea mpaka kwa shemeji, mpaka kwa mtoto wa mwisho.

Enok alikuwa amesimama pembeni ya spika. Akaweka chini waya aliokuwa ameushika, akatoka.

Halafu watu wakapiga makofi. Makofi, jamani.

Nikamkuta Tuma nje. "Umefanya nini?"

"Namwinga, nilibadilisha jina. Ni case study."

"Ni mama yangu, Tuma."

"Tuongee ukishatulia."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu ana kwa ana. Ukishatulia!

Enok alikwenda Saza, migodini, akazima simu. Mama akaacha kuuza maandazi, maana kila mteja alikuwa anamwangalia mkono. Mimi nikaacha workshop. Tuma alinitumia ujumbe mmoja tu: "Nakuja." Hakuja.

Baadaye Enok akarudi. Aliingia tu asubuhi moja na mfuko wa sukari, akakaa karibu na mama, wakalia wote. Nikasema Mungu ni mwema, sikuuliza zaidi.

Kisha nikasikia Tuma amelazwa Mbeya. Nikawa najiandaa kwenda kumwona. Simu ya msiba ikanitangulia.

Jana namwona Enok yuko mbele kabisa, amebeba jeneza. Nikamvuta pembeni. "Wewe? Umesahau?"

"Dada, alinifuata Saza. Alipiga magoti kwenye udongo wa mgodi, wenzangu wote wanaangalia. Akasema, 'Nilitoa kitu ambacho si changu.' Mimi nilirudi nyumbani kwa sababu yake."

Nikamgeukia mama. Anavuta vuta pindo la kanga.

"Na kwangu alikuja," akasema. "Alikuja sana, ukiwa kazini. Alikuwa ananisaidia kukanda unga."

"Na hamkuniambia?"

"Alituomba. Alisema kwako atakuja mwenyewe. Alikuwa anakuogopa, mwanangu."

Tuma. Yaani ulinisaliti ukumbini, halafu ukaingia nyumbani kwetu kwa siri, ukapatana na watu wangu wote, mimi ukaniacha nje nikikuchukia peke yangu!

Uliniogopa nini? Ningekufokea, ndiyo. Pengine ningekufungia mlango. Ungegonga tena, ungekaa pale kizingitini mpaka nichoke, maana nakujua ulivyo king'ang'anizi. Ningefungua. Tungelia mpaka chai ipoe.

Hukunipa nafasi hiyo. Watu wanasema niseme nimekusamehe, kwa kuwa umekufa. Sijui kumsamehe mtu ambaye hajaniomba.

Udongo wa Ihanda usikulemee, rafiki yangu. Lala, Tuma, lala usingizi mwema. Mimi sijatulia bado.