Mazishi Saa za Kazi

Miaka ile ya ugonjwa, Bukoba haikupita wiki bila msiba. Nilikuwa nachambua kahawa kiwandani pamoja na wanawake wenzangu wa Buhembe na Rwamishenye. Afisa utumishi wetu wa zamani, ukimwambia umefiwa, alikuruhusu uende, na kesho yake ungemkuta kwenu anachimba kaburi na wanaume wengine. Naye akafa. Wakatuletea bwana mmoja aliyetoka kozini Dar es Salaam.

Huyu hakutaka kuitwa afisa utumishi. Alitukusanya akatuambia sisi ni rasilimali watu, na rasilimali haipotezwi ovyo misibani. Ruhusa angepewa aliyefiwa na mzazi, mume au mtoto, basi. Mjinga mimi, nilidhani mtu akishaitwa mali atatunzwa walau kama gunia la kahawa, ambalo halikuachwa linyeshewe.

Kisha dada yangu akafa huko Muleba. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Nilimpigia bwana yule magoti, nikamweleza hayo yote. Akaniuliza, "Ni dada au ni mama? Chagua moja." Nikarudi mezani kuchambua. Nilipofika Muleba Jumapili, walikuwa wameshazika, na majani ya migomba juu ya kaburi yalikwisha kunyauka. Nilimchukia bwana yule pale pale, na sikumwomba Mungu aniondolee chuki hiyo.

Kwetu maiti haizikwi na pesa, inazikwa na majirani. Wanaume huchimba kaburi kibanjani, katikati ya migomba, wanawake humenya ndizi za waombolezaji. Bwana yule hakuwahi kushika jembe wala kutia mguu msibani kwa mtu. Mwaka uliofuata akafiwa na mama yake, hapo hapo Rwamishenye. Asubuhi alitujia mwenyewe tunapochambulia, macho mekundu.

"Leo wote mna ruhusa," akasema. "Waitu, ndugu zangu, twendeni mkanisaidie kuzika."

Hakuna aliyeinua kichwa. Nikamjibu mimi.

"Pole sana, bwana. Kazi ni nyingi."

Alisimama akitutazama, mikono yetu ikiendelea na kahawa. Kisha akaondoka, na mimi nikafurahi, tena sana.

Mama yake alizikwa na vibarua wa sokoni, watu ambao hata jina lake hawakulijua. Mpaka leo wapo wanaoniambia kwamba yule bibi kizee hakuwa amenikosea lolote. Najua. Na dada yangu, je, alikuwa amemkosea nani?