Nilibonyeza "Nimeona"

Leo nimenyamazisha kengele kazini, na mtu amekufa.

Kazi yangu ni kukaa ofisini hapa Marshalltown nikiangalia skrini. Laini ya mteja ikijaa kupita kiasi, mitambo inatupa baadhi ya data ili nyingine zipite. Mimi naona zilizotupwa zikiongezeka.

Laini ya Malvern huwa nyekundu kila asubuhi, kamera za mteja zikianza kutuma picha. Tumeizoea. Kengele ikilia unabonyeza "Nimeona", unaendelea na chai yako.

Leo ikalia saa tatu. Nikabonyeza. Nikanywa chai.

Mteja mwenyewe ni kampuni ya ambulensi, na simu zao zinapita laini hiyo hiyo.

(Eish. Nilikuwa najua.)

Saa nane akanipigia Mama Neema, Mkongo tunayepanga naye flati moja Berea. Saa tatu asubuhi mumewe, fundi cherehani wa Jules Street, alianguka akiwa anashona. Mama Neema akapigia ambulensi za kampuni hiyo hiyo mara tatu. Inaita, anasikia "halo", inakatika. Majirani wakampakia kwenye bakkie, pikapu ya muuza viazi, wampeleke hospitali.

Hakufika.

Bosi kapita nyuma yangu, kasoma ripoti ya Malvern: upotevu mdogo wa data, ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. "Sharp, ifunge hiyo."

Sijaifunga. Jamani, nyie mngefanyaje?

Maana Mama Neema alimalizia hivi, analia: "Wewe njo unajuaka mambo ya mtandao. Uniulizie juu ya nini simu ilikuwa inakatika."

Nikamwambia nitauliza.