Paa la Behewa Kutoka Sinia la Mama

Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vyombo Iringa, aliniletea sinia jembamba la shaba ya njano, nimtengenezee behewa dogo la abiria la kuweka mezani. Marehemu mama yake alihamia bara kwa treni, sinia hilo kalipakata safari nzima. Katikati palikuwa na jina la mama, limegongwa kwa vitone vya msumari, kwa maandishi ya Kigujarati.

"Kata pembeni kote," aliniambia. "Hapo kwenye jina usiguse, mama."

Nilikubali bila kupima, kwa kiburi changu tu. Mimi mwanamke nina miaka mingi hapa Ilomba, Mbeya, natengeneza treni za mapambo. Kuta zilitoka vizuri, madirisha yote nikayakata kwa msumeno mwembamba. Likabaki paa.

Shaba iliyogongwa ni kaidi. Ukiikunja hivyo hivyo inapasuka, kwa hiyo unaichoma kwanza kwenye mkaa mpaka ipate wekundu hafifu, ndipo inalainika. Wekundu huo huonekana kivulini tu. Lakini ilikuwa Julai, na baridi ya Mbeya ya Julai haina adabu. Vidole vilikataa kukunjika, nikatoa jiko uani nikakaa juani. Nikapuliza, sioni wekundu. Nikapuliza tena. Kipande cha paa kikanyong'onyea ghafla, kikatoboka katikati. Nilijitukana kwa sauti mpaka jirani akauliza kutoka ng'ambo ya ua, "Vipi, umeungua?"

"Afadhali ningeungua mimi," nikamjibu.

Nilizunguka soko zima la Mwanjelwa nikitafuta shaba nyembamba kama ile. Masinia yote ni ya alumini. Kilichobaki cha kutosha paa kilikuwa kile cha katikati, chenye jina.

Siku mbili sikukigusa. Nilimpigia simu mzee mara tatu, nikakata kabla haijaita, kwa sababu nilijua nikimwuliza atakataa. Mwishowe nikakikata. Safari hii nilichomea kivulini, nikakunja paa jina likae upande wa ndani, nikijidanganya kwamba atafurahi kuona mama yake amerudi kwenye treni. Nikaliacha paa bila kulichomelea, lifunuke.

Nilipompelekea Iringa, nilimwambia ukweli kabla hajaligusa behewa. Hakugomba. Alifunua paa, akaligeuza, akapitisha kidole juu ya vitone kimoja kimoja. Kisha akanisogezea behewa, na madirisha yake yote.

"Hili chukua, mama."

Akaliweka paa juu ya kaunta, akaanza kulikandamiza kwa viganja, liwe bapa kama zamani. Lilikuwa linajikunja tena kila akiondoa mikono.

"Mzee, bila moto halinyooki," nikasema. "Nipe nikalichome, nitakurudishia."

Aliendelea kukandamiza, na hakunipa.