Wasichana Waliojifunza Kula kwa Sauti

Vijiko ndivyo vinavyotangulia kusikika. Ni saa saba mchana, na kabla macho hayajazoea mvuke uliojaa jikoni, sauti inapenya kwenye kidirisha cha kupakulia: bati kwa bati, kwa bati, bila kituo, kama mvua ya mawe juu ya paa.

Kisha msikilizaji anatambua kinachokosekana. Hakuna anayetafuna. Hakuna anayecheka mdomo ukiwa umejaa, anayemlalamikia mwenzake kwa kumwibia harage, anayeomba maji. Ukumbi mzima wa wasichana umekaa kula, na kinachofanya kazi ni vijiko peke yake.

Aliyetega sikio ni mpishi wa shule hii ya bweni. Wanafunzi humwita Bi Moshi, naye hachukii. Anasema jina hilo limemkaa kuliko alilopewa na baba yake. Amesimama pembeni ya kidirisha, mwiko mkononi, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

“Mwenye njaa hapigi kelele na kijiko mwanzoni,” anasema kwa sauti ya chini. “Kijiko hulia mwisho, sahani inapokwanguliwa. Hawa wanaanza na mwisho.”

Nje jua linachoma. Ndani ya ukumbi, wasichana wengi wamevaa masweta, mikono wameivuta hadi kwenye vidole.

Bi Moshi amepika hapa miaka kumi na mmoja. Mshahara wake peke yake usingelipa hata nusu ya karo ya shule hii, lakini mtoto wa mfanyakazi hupunguziwa, na kwa mlango huo binti yake wa mwisho, Kitinda, akaingia kidato cha kwanza. Walipatana nyumbani, wakiwa wameketi kitandani na sanduku la shule katikati yao. Shuleni hakuna mama wala mwana. Kuna mpishi na mwanafunzi.

“Niliogopa midomo ya watu,” anasema. “Waseme mtoto wa mpishi anajazwa sahani? Mimi sitaki maneno. Basi zamu yake ikifika, mwiko wangu unakuwa mwepesi. Wengine miiko miwili, yeye mmoja na kidogo. Nilijiona mwadilifu.”

Kwa muda mrefu hilo halikumdhuru mtu. Kitinda alikuwa mwembamba kwa maumbile, hodari darasani, mchache wa maneno.

Kisha ikaja siku ya afya. Mgeni alisimama mbele ya wasichana akawaeleza habari za sukari, mafuta na chumvi, na za magonjwa ya watu wazima ambayo siku hizi yanabisha hodi kwa vijana. Maneno yake yalikuwa ya kweli, na mabango yakabandikwa ukutani. Waliambiwa wapunguze. Hakuna aliyewaambia waishie wapi.

Mtu akiambiwa apunguze bila kuonyeshwa kipimo, atakitafuta mwenyewe. Wasichana wakatazama huku na huku, wakakiona kwenye foleni ya chakula.

Wa kwanza alikuwa msichana mrefu wa kidato cha tatu. Alisukuma sahani kwenye kidirisha akasema, “Nipimie kama ya yule.”

“Yule nani?” Bi Moshi akauliza.

Msichana akaelekeza kidevu kwa Kitinda.

Kesho yake walikuwa watano. Wiki iliyofuata, nusu ya foleni. Walikuja mmoja baada ya mwingine, macho yakitazama sahani, na kila mmoja alisema maneno yaleyale, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka: “Nipimie kama ya yule.” Bi Moshi anasema ilifika wakati akawa hajui tena anayesema ni nani. Ni kama msichana mmoja alikuwa akizunguka nyuma ya ukuta na kurudi mbele ya foleni, tena na tena.

Na Kitinda? Foleni nzima ilipokula kama yeye, ilimbidi ale kidogo kuliko wao.

Jambo moja liliwafumba watu macho. Sahani zilirudi tupu. Katika jiko la shule, pipa la makombo ndilo linalotoa hukumu: likijaa, mpishi ameharibu, likiwa tupu, mpishi ni fundi. Muhula ule pipa lilikaa tupu hata nzi wakalihama. Mwalimu mkuu akamwita Bi Moshi ofisini akamsifu kwamba chakula chake kimewakolea watoto. Alirudi jikoni akitembea kama bibi harusi.

Aliyeona kitu kwanza ni mpishi mwenzake, mwanamume wa maskhara anayepasua kuni, ambaye wasichana humwita Shoka.

“Dada, njoo uone kunguru hawa,” alimwita nyuma ya bweni. “Wana mafuta kuliko mimi na wewe. Wakitozwa karo, shule hii itajenga ghorofa.”

Walikuwa wengi, wamejipanga kwenye ukingo wa ukuta chini ya madirisha ya bafu. Shoka alipiga makofi. Hawakuruka. Walisogea hatua moja pembeni, wakasubiri. Chini yao, kwenye majani, palikuwa na vifurushi vya karatasi za daftari vilivyofungwa kwa uangalifu kama zawadi. Bi Moshi akakifungua kimoja. Wali wake ulikuwa ndani, na maharage yake, hata kijiko kimoja hakijapungua.

Chakula kilikuwa kikitoka ukumbini ndani ya mikono ya masweta, na vijiko vilipigwa ili isikike kwamba kinaliwa.

“Nilimwambia Shoka nitamwona muuguzi,” anasema. “Nilisema kesho asubuhi, nikishagawa uji. Asubuhi ile uji sikuugawa.”

Wasichana walikuwa wamepanga mistari uwanjani, mwalimu wa zamu akisoma matangazo. Bi Moshi alikuwa akikatiza nyuma yao na ndoo ya uji. Katika mstari wa mwisho aliona mwanafunzi akishuka. Hakuanguka, anasisitiza, alishuka, polepole, bila sauti, kama nguo inayoteleza kutoka kwenye kamba.

Hakuna aliyegeuka. Aliyekuwa kulia akapiga hatua kushoto, aliyekuwa kushoto akapiga hatua kulia, na mstari ukajifunga juu yake kama maji. Mwalimu akaendelea kusoma. Kwa mbele, hakuna kilichopungua.

“Walikuwa wamezoea,” anasema Bi Moshi. “Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kuanguka kwenyewe si kitu. Walijua pa kukanyaga.”

Kiatu kimoja kilibaki nje ya mstari.

“Nilikijua kiatu kabla sijamjua mtu. Nilikinunua mimi.”

Aliiweka ndoo chini, akawatenganisha wasichana kwa viwiko, akambeba mwanawe hadi kwa muuguzi. Anakumbuka kwamba ilikuwa rahisi mno. Mtoto wa miaka kumi na sita hapaswi kubebeka hivyo.

Muuguzi wa shule, mwanamke wa makamo asiye na haraka, alivuta sweta hadi kwenye kiwiko. Mkono ulikuwa baridi, mapigo ya moyo ya kuhesabika bila shida, na ngozi ilikuwa imeota vinywele laini kama vya kifaranga.

“Mwili ukikosa chakula hujishonea blanketi,” muuguzi alimweleza. “Mtoto wa umri huu anajenga mifupa, anajenga damu, anajenga moyo. Akikosa cha kujengea, anabomoa. Na huu si ukaidi, mama yangu. Ni ugonjwa. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Shukuru umemwona angali anapumua.”

Kitinda alifumbua macho.

“Mama.”

“Unaumwa wapi, mwanangu?”

“Siumwi. Nimechoka tu.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Wewe ndiye ulikuwa unanipakulia kidogo. Nikadhani umeniona nimenenepa, unaona haya kusema.”

Bi Moshi anaposimulia hapo, anageuka na kukoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa.

Mwanzoni shule ilitaka kuwarudisha nyumbani wasichana waliodhaniwa kuwa vinara. Muuguzi alikataa katakata: atakayefukuzwa leo, alisema, atakwenda kufia chumbani kwake mlango umefungwa. Badala yake wasichana wanazungumza naye mmoja mmoja, wazazi wameitwa, na Kitinda na wengine wanne wanakwenda hospitali kila wiki. Mabango ya siku ya afya yangali ukutani, lakini pembeni yao muuguzi ameongeza mengine, yanayosema chakula kinafanya kazi gani mwilini.

Tusidanganyane: hakuna muujiza. Leo hii ukumbi unapiga vijiko. Daktari amesema itachukua miezi, pengine zaidi, na kwamba moyo wa Kitinda hautavumilia anguko jingine kama lile.

Bi Moshi ana mpango. Ameomba kidirisha kizibwe kabisa na chakula kiwekwe mezani kwenye mabakuli, kila mmoja ajipakulie, na wapishi wakae wale pamoja na wanafunzi. “Mimi nimepika miaka yote hii, sijawahi kumtazama mtoto akila,” anasema. “Nilikuwa natazama mapipa.” Ombi halijajibiwa. Yeye hakusubiri jibu.

Anavua aproni, anajipakulia sahani, miiko miwili, anapita mlangoni na kuingia ukumbini. Vijiko vinanyamaza vyote kwa mpigo mmoja. Nyuso zinageuka. Anatembea katikati ya ukimya huo, anavuta benchi, anaketi mbele ya binti yake, na kuanza kula. Mbele ya macho yote hayo, anatafuna.

“Watu wanatutazama,” Kitinda ananong’ona.

“Macho hayali chakula. Watazame.”

Msichana anachukua wali kidogo, anautia mdomoni, anakaa nao. Koo linapanda, linashuka. Anachukua tena. Mara ya tatu mkono unasita hewani na kurudi chini.

“Siwezi kumaliza, mama.”

“Sijakuambia umalize.”

“Na kesho sijui kama nitaweza hata hivi.”

Bi Moshi anaweka kijiko chake chini. “Basi niahidi kile unachokiweza.”

Kitinda anafikiri. Meza nzima imeacha kujifanya haisikii. Anapozungumza, hanong’oni.

“Nakuahidi sitakudanganya. Siku nisipokula, nitakuja jikoni nikuambie kwa mdomo wangu kwamba sikula.”