Sahani ya Mjerumani

Majuzi niliona sahani ya afisa wa Kijerumani ndani ya kabati la kioo la makumbusho, imewashiwa taa yake peke yake. Niligeuza uso kwa dharau.

Nilikuwepo, nikiwa mtoto, ilipofukuliwa Bukoba, karibu na boma la zamani, wakati watu wakichimba msingi wa duka la ujamaa. Udongo ulinuka mvua na kutu. Baada ya sahani, majembe yaligonga mnyororo mrefu wenye pete kubwa nyingi.

"Bibi, Wajerumani walifuga mbwa wengi hivi?" niliuliza.

"Mbwa wenyewe walikula kwenye sahani," bibi yangu alijibu. "Mnyororo walimfunga baba yangu shingoni. Hakurudi."

Afisa wa wilaya aliyesimamia kazi aliifuta sahani taratibu kwa leso yake, kama anayemfuta mtoto uso.

"Hii ndiyo historia," alisema. "Hicho chuma kitupeni."

Bibi alimtazama kama mtu anavyomtazama mlevi anayehutubia. Alimwita baba yangu, wakaubeba mnyororo hadi nyumbani Kitendaguro.

Baba yake bibi hakuwa na kaburi popote. Jioni ile tuliuzika mnyororo migombani, na hapo ndipo bibi alipomlilia.