Bakuli la Nyuma ya Tanuri

Kazini walimwita Bi Chujio, maana hata chai iliyokwisha chujwa aliichuja tena. Alikuwa fundi wa maabara, na yeye ndiye aliyeanzisha pale mtindo wa kutengeneza unga wa oksidi ya zinki kwa majani ya mpera. Zamani walitumia kemikali kali zilizowatoa machozi na kutoboa bomba la sinki. Sasa walichemsha majani, wakamimina chumvi ya zinki, wakakausha ule mchuzi mzito na kuuchoma. Ukatoka unga mweupe wenye chembe ndogo ajabu: panga elfu moja kwa mstari, bado hazifikii upana wa unywele!

Balaa lilianza alipomtafutia kazi wifi yake, dada wa mumewe. Mwaka haujaisha, unga wa wifi ukawa laini kuliko wake. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu.

"Dada yangu ana mkono mwepesi, jamani," mume alisema huku anatafuna.

"Basi akupikie yeye," akajibu Bi Chujio, akaondoa sahani kabla hajamaliza.

Kisha mkuu wa maabara akatangaza: hadubini kubwa ya chuo jirani itapokea unga mmoja tu, ule ulio laini zaidi, na aliyeutengeneza atausindikiza. Bi Chujio roho ilimruka. Miaka yote hiyo alitengeneza chembe asizowahi kuziona!

Siku ya kuchoma, mabakuli mawili yaliingia kwenye tanuri moja, yanafanana kama mapacha, alama za penseli chini ya kitako. Lake mbele, la wifi nyuma. Akaenda kuosha vyombo. Aliporudi, wifi hayupo. Wivu ukampanda hadi utosini. Akalitoa la mbele kwa koleo, akaliweka kando, akazungusha kitufe cha joto kutoka digrii mia nne hadi mia nane. Moto ukizidi, chembe hushikana zikawa mabonge. Hilo alilijua fika.

Jioni wakafungua. La nyuma lilitoka na unga mkavu, mgumu kama chokaa ya ukutani. Bi Chujio akajitia huzuni.

"Pole, wifi yangu."

Wifi akaligeuza bakuli lililopoa, akashika mdomo. "Mbona hili lako? Nilikuhamishia nyuma, kule moto umetulia. Nikasema safari hii na aende dada wa watu, kaisubiri sana."

Bi Chujio akatazama penseli chini ya kitako. Herufi zake mwenyewe.

Wifi akatupia jicho kile kitufe, kisha akamtazama yeye. Akakirudisha taratibu. "Tanuri hili nalo bovu," akasema. "Nikifika huko nitakupigia picha za chembe zote."

"Haya," alisema Bi Chujio. Na hata ule wema wa wifi akauonea wivu.